Matairi Aliyochaguliwa Mke Wangu

Siku mke wangu alipobadilisha matairi ya baiskeli, sikumsikia akirudi nyumbani. Siku zote nilikuwa namsikia. Ni baiskeli ya gia, ya mtumba, niliyomnunulia mwenyewe Kyela mjini, na matairi yake yalikuwa ya kashata, yale yenye meno manene ya kushika tope. Kwenye lami kashata huvuma kama nyuki. Yeye ni muuguzi mjini, na sisi tunakaa Ipyana, kwa hiyo jioni mvumo ule ukianza tu barabarani, mimi nateleka maji ya chai.

Jioni hiyo nilikuwa uani nageuza kokoa kwenye mkeka. Nikainua kichwa, nikamkuta amesimama mbele yangu.

"Umepita wapi wewe?"

"Njia ile ile." Akacheka. "Nimebadilisha matairi, baba. Mwenzangu wa kazini amenisaidia kuchagua."

Nikaacha kokoa, nikachuchumaa kwenye baiskeli. Matairi yalikuwa membamba na laini kama ganda la biringanya. Nilipitisha kidole, hakikukwama popote.

"Hiki ni kipara," nikasema. "Matairi ya hivi watu wanatupa, wewe umenunua?"

"Kipara ni cha kuchakaa. Haya yametengenezwa hivi, ya lami. Ona, yana mifereji midogo ya kupitishia maji. Anasema kashata kwenye lami zinakula nguvu za mtu bure."

"Anasema nani?"

"Si huyo mwenzangu? Mgeni, amehamia juzi juzi kutoka Mbeya."

Nyumbani kwetu mambo ya baiskeli ni yangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kubadilisha gia, mimi ndiye ninayepaka mnyororo mafuta. Kama alitaka matairi, angeniambia. Lakini sikusema hivyo. Nilisema naenda kuteleka maji.

Kuanzia hapo neno "anasema" likahamia kwetu. Anasema matairi haya yanataka upepo mwingi, yakaze kama jiwe. Anasema wembamba hauna shida, mradi yalingane na rimu. Kiswahili chetu hakikuambii kama huyo anayesema ni mwanamume au mwanamke, nami sikuuliza. Nilimtengeneza mwenyewe kichwani: kijana mrefu, koti jeupe, ndevu zimechongwa vizuri. Nilimwona ameinama kwenye baiskeli niliyoinunua mimi, anabonyeza tairi kwa dole gumba, na mke wangu anamsikiliza. Chakula kikawa hakinipiti.

Jumamosi tukaenda Matema kumpelekea mama mkwe mchele. Mama mkwe ni mfinyanzi, watu wake ni wa pwani ya ziwa tangu zamani. Mke wangu akapanda baiskeli yake, mimi yangu yenye kashata, na mzigo niliung'ang'ania mimi. Kabla ya kufika Ipinda alikuwa ameniacha. Nilikanyaga mpaka mapaja yakawaka moto, na mgongo wake ukazidi kuwa mdogo. Nilimkuta kituoni Ipinda anakula ndizi, hana hata jasho.

"Pole, baba. Nikupokee mchele?"

"Sijachoka."

Mbele kidogo mvua ikatushika. Nikasema moyoni, sasa tutaona kipara na maji. Sikutaka aumie. Nilitaka ateleze kidogo tu, nimfikie, nimwambie si nilikuambia? Hakuteleza. Tairi lilipita kwenye lami iliyolowa kama lililozaliwa humo.

Matema tulipoacha lami na kushika njia ya mchanga iendayo kwa mama mkwe, baiskeli yake ikazama, akashuka. Nilifurahi kama mtoto. Nikampita kwa fujo, na baada ya hatua chache mchanga ukanila na mimi, nikaanguka ubavu, mchele juu yangu.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Anasema mchangani hata yeye anasukuma!"

Jumatatu nilifunga wali na samaki nikampelekea kazini, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya. Mke wangu alikuwa ndani na mgonjwa. Nje, kando ya baiskeli mbili zilizoegeshwa pamoja, mama mmoja mfupi, mnene, amenizidi umri, alikuwa anajaza upepo.

"Mugonile," nikamsalimu.

Akaniangalia, akatabasamu. "Wewe ndiye yule baba wa kashata!"

Kumbe yule wa "anasema" ndiye huyu. Nikasimama na wali wangu mkononi. Wivu niliokuja nao ulikosa mtu wa kumkalia, na nilidhani utakufa papo hapo. Mke wangu akatoka, yule mama akamwambia neno moja la huko kazini kwao, wakaangua kicheko, wakashikana mikono. Sikuelewa walichochekea, wala hakuna aliyenieleza. Wivu ukapata pa kukaa tena.

"Na wewe njia yako ni ipi?" yule mama akaniuliza.

"Shambani kwenye kokoa. Tope, halafu lami."

"Basi usiige ya mkeo, utaanguka. Tafuta laini katikati, yenye kashata pembeni. Kwenye lami utakimbia kama yeye, kwenye tope pembeni patakushika."

"Ndaga fijo," nikamshukuru, na moyoni nikaapa kutofanya hivyo.

Dukani nilibonyeza kila tairi lililokuwepo. Nilipima vipara vitupu, nikakumbuka njia ya shambani. Nilipima kashata, nikakumbuka mgongo wa mke wangu ukiishilia mbele. Mwisho nikabeba laini katikati, yenye kashata pembeni.

"Nani kakuchagulia?" mke wangu akauliza jioni.

"Nimechagua mwenyewe."

Aliyapapasa. "Jumamosi mwenzangu anataka nimpeleke Matema akaone vyungu vya mama. Utakuja?"

Nilikubali kabla hajafunga mdomo.

Siku hizi tunakwenda watatu. Wao hutangulia bega kwa bega, wakisimuliana, na mimi siachwi tena. Nikiona pengo kati ya baiskeli zao, najiingiza katikati.