Maziwa ya Banda la Lami

Raina alikuwa mwanamke wa kicheko, na hata kidonda kilipomtoka kando ya pua alikifanyia mzaha. Katika kiwanda cha makaa cha mji ule wa Bulgaria, kazi yake ilikuwa kupakia lami ngumu, masalia ya makaa ya mawe yaliyochomwa, kwenye mabehewa, nje, juani. Vumbi la lami likikutana na jua la Julai, ngozi huwaka kama iliyopakwa pilipili. Wakavumilia, kwa kuwa kila mfanyakazi wa banda la lami alipewa chupa ya maziwa, na maziwa, waliambiwa, huosha sumu yote.

Aliyewaambia ni Daktari Vesela wa zahanati ya kiwanda. Kwa Raina huyu hakuwa mtu baki. Ndiye aliyesimamia ndoa yake, na kwa watu wa huko msimamizi wa ndoa ni zaidi ya ndugu wa tumbo moja.

"Somo, kidonda hiki hakiponi."

"Kipele tu hicho. Nawe unaujali uso kama mwali. Kunywa maziwa."

Akanywa. Mwaka ule Neli, binti wa Vesela, aliajiriwa bandani, lakini hajajua hata kushika beleshi akahamishiwa ofisini. Nafasi aliyoiacha bandani Vesela akampatia Tsveta, binti wa Raina. Raina akampelekea kuku wawili. Mtu anachinjwa, naye anashukuru kisu.

Kidonda kilipoanza kutoka damu bila kuguswa, alikwenda hospitali ya Sofia, mji mkuu. Daktari mzee alimuuliza kazi yake, akatikisa kichwa.

"Ni saratani ya ngozi, mama. Lami na jua. Itabidi tukate pua upande huu. Daktari wenu hakukwambia? Jambo hili tulifundishwa sote."

Alirudi, akaingia zahanatini bila hodi.

"Ulijua?"

Vesela akafunga mlango. "Ningeandika kuwa ni lami, mkurugenzi angenifukuza."

"Lakini Neli ulimtoa."

"Mama gani asingemtoa mwanawe?"

"Ukamtia wangu."

Pua yake Raina angeweza kuisamehe; hili, hapana. Alivuka uwanja hadi bandani, katikati ya zamu, akamnyang'anya Tsveta beleshi, akamfuta vumbi usoni kwa kiganja. Chini ya jicho palikuwa na kichunjua kidogo, kigumu.

"Hiki kimeanza lini?"

"Tangu Pasaka. Mama mdogo Vesela alishakiona," alisema Tsveta. "Alisema nisikwambie, utahangaika bure."