Kibuyu cha Mama Mkwe Mtoni Yordani

Katika kijiji chetu cha Sigor, miaka ile ya tisini, watu waliokuwa wameishi Israeli miaka miwili na kurudi na diploma ya ufugaji wa ng'ombe wa maziwa walikuwa mmoja. Ni mimi. Hakuna mjomba aliyenishika mkono; nilijisukuma mwenyewe. Kwa hivyo kanisa letu lilipopanga safari ya kwenda kuona nchi takatifu, hakuna aliyeuliza nani ataongoza. Kama yuko aliyeuliza, sikumsikia.

Tulikuwa kumi na wanane, wengi wakulima wa majani chai, pamoja na mchungaji wetu na mama mkwe wangu. Nafasi ya mama mkwe ilikuwa ya mumewe, lakini miguu ya mzee ilikuwa imekataa. Alimkabidhi mkewe kibuyu chake, kile alichonywea tangu aoe, akamwambia, "Niletee Yordani ndani ya hii. Nikiosha uso nayo, nitakuwa nimefika."

Mimi na kile kibuyu hatukuwa marafiki. Niliporudi na diploma, nilikataa mursik mbele ya wakwe, yaani maziwa yaliyolala ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa mpaka yakawa ya kijivu. Niliwafundisha habari za viini vya magonjwa kwa nusu saa nzima, kisha nikaomba chai. Tangu siku hiyo mama mkwe aliniita Diploma, na hakuwa akinisifu.

Kabla ya kuondoka niliwaonya wasafiri wangu. "Uwanja wa ndege mtaulizwa maswali. Wale watu hawapendi uongo. Semeni ukweli mtupu."

Walinielewa kupita kiasi. Kule Nairobi, msichana Mwisraeli wa ulinzi wa ndege aliuliza kwa Kiingereza, nami nikatafsiri: "Kuna mtu yeyote amekupa kitu ubebe?"

Kwetu, mtu anayetoka nyumbani bila kupewa kitu ni mtu asiye na watu. Mchungaji alijibu kwa fahari, "Ndiyo! Kanisa lote!"

"Mimi nimepewa na majirani watatu," akaongeza mama mmoja wa kwaya. "Wa nne alichelewa."

Tukatolewa kwenye foleni, wote kumi na wanane. Ndipo kibuyu kikaonekana.

"Mama, si kilikuwa kitupu?" nikauliza.

"Mkwe, kibuyu itoke nyumbani tupu kama ya mchawi? Niliweka mursik kidogo."

Hicho kidogo kilifika shingoni. Msichana alichungulia, akaona kitu cha kijivu chenye chembe nyeusi, akawaita wenzake wawili. Aliuliza ni cha nani.

"Ni ya papa," mama mkwe akasema. Alimaanisha baba, mumewe, lakini mimi kwa haraka nikatafsiri kama ilivyotamkwa. Ulimi wetu wa Kikipsigis hauoni tofauti ya b na p.

"Papa wa Roma?" msichana akashtuka.

Mchungaji akaruka. "Hapana! Sisi si wa huko!"

Niliamua kutumia Kiebrania. Kiebrania changu ni kizuri sana, ila nilijifunzia zizini. Msichana alinisikiliza, kisha akaniuliza kwa nini namwamuru asogeze mguu wa nyuma.

"Kitabaki hapa," akakata shauri.

Nilipotafsiri, mama mkwe hakulia. Aliketi sakafuni, akakiweka kibuyu mapajani. "Basi na mimi nabaki nayo. Mzee aliniambia nilete maji ndani ya hii, si ndani ya chupa. Nyinyi endeni, mnisalimie Bethlehemu."

Msichana akakiinamia kibuyu. "Kama ni maziwa, yanywewe."

Mama mkwe akakiinua. "Si yeye," msichana akasema, akaninyooshea kidole. "Wewe, kiongozi."

Sigor nzima ikanigeukia.

"Diploma," mama mkwe akasema polepole, "si ulisema iko na wadudu?"

"Wachache," nikajibu.

Nilikusudia funda moja tu, la kitaalamu. Lakini ile baridi, ule ukali, ule moshi! Nilikuwa nimesahau kwamba kabla ya kuwa msomi nilikuwa mtoto wa mtu. Nikaendelea.

"Mkwe! Punguza! Safari bado!"

Msichana ndiye aliyecheka kwanza. Tukapita.

Bethlehemu nilieleza vizuri, na Mlima wa Mizeituni nikaeleza vizuri zaidi, ingawa wasafiri walitaka tu kujua ng'ombe wa huko hula nini kwenye mawe. Tulipofika Yordani, mchungaji alinisogelea, akaninong'oneza, "Ndiyo hii? Hata Nyangores, mto wetu wa nyumbani, ni kubwa kuliko hii."

Mama mkwe alikuwa na shida nyingine. Kibuyu bado kilikuwa na mursik, na kwetu maziwa hayamwagwi, hata mbele ya Yordani. Alinitazama. Nikakimaliza pale ukingoni, nimesimama mahali ambapo wengine walikuwa wakisali. Akakijaza maji.

Nyumbani, mzee alinawa uso kwa maji ya kijivu yenye chembe za mkaa. Akalamba midomo, akafumba macho.

"Kumbe Yordani inanuka kama hapa kwangu," akasema. "Nimefika." Kisha akauliza, "Mkwe wetu alisaidia?"

"Sana," mama mkwe akasema. "Bila diploma yake, hiyo maziwa ingemalizwa na nani?"

Tangu siku hiyo, nikifika kwao, hakuna anayebandika chai.