Debe Moja la Mafuta ya Nazi

Gari lile lilikula shilingi mia tatu sabini na tano. Nimehesabu mara mbili, kwanza kwa vidole, kisha kwa punje za mahindi, na hesabu zote mbili zimekubaliana. Mwenye gari, rafiki yangu tangu tukisoma chuo cha Kurani, akihesabu yeye anapata mia tatu sitini na tano. Zile kumi, anasema, si za gari, ni za harusi. Mimi nasema harusi haikuwa na kosa lolote. Basi niyaeleze yalivyokuwa, na msomaji awe hakimu.

Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa dalali wa samaki Bagamoyo. Kazi yangu ilikuwa kusimama mnadani na kupayuka mpaka fungu la changu la senti hamsini liondoke kwa sabini na tano. Rafiki yangu alikuwa fundi cherehani. Asubuhi alishona kanzu barazani kwake, na ikisha kuswaliwa alasiri alifunika cherehani akaushughulikia ugonjwa wake: magari. Hakuwa nalo hata moja. Lori likisimama mjini, yeye keshafika, anamwomba dereva amfungulie boneti achungulie tu, kama mganga anavyomwomba mgonjwa atoe ulimi.

Siku moja akasikia kuna boksibodi, gari dogo la abiria na mizigo, limetupwa nyuma ya ghala la shamba la katani. Tulikwenda wote, kwa sababu uso wake ulikuwa haujui kuficha haja, na bei hupanda kwa nyuso kama ile. Nikamwambia asimame mbali atazame minazi. Msimamizi wa shamba akataka mia tatu. Nikalizunguka gari pole pole, mara mbili.

"Matairi mengine mawili yako wapi?" nikauliza.

"Yamevalishwa tela."

"Kumbe unauza nusu ya gari. Na hawa kuku?"

"Wanatagia humo."

"Basi ni banda. Banda mimi sijawahi kulinunua mia tatu."

Tuliliondoa kwa mia mbili, likakokotwa na lori la makumbi hadi uani kwa rafiki yangu, na ndani yake kuku mmoja aliyekataa kushuka.

Akalishona, sina neno jingine la kueleza alivyolitengeneza. Viti alivijaza usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, kama magodoro. Paa lilikuwa turubai, na pindo zake alizipitisha cherehani mara mbili kwa uzi wa kanzu. Sakafu ilikuwa imeoza, akamwita seremala wa vyombo vya baharini, naye akaipiga mbao na kuzisindilia pamba kwenye nyufa jinsi alivyozoea. Likawa gari lisiloweza kuvuja kwa chini hata tukilitia baharini. Kabureta aliifungulia kwenye mkeka wa mama yake, akapoteza skrubu. Mama aliiona baada ya wiki, akichagua mchele. "Mwanangu," alisema, "mimi nilisema utaniletea mkwe. Umeniletea misumari."

Mkwe naye alikuwa njiani. Binti mmoja wa Lugoba alikuja kumtembelea shangazi yake Mlingotini, jirani na kwetu, akapita kwa fundi kushonesha gauni, na gauni lile likachukua muda mrefu kuliko magauni yote aliyopata kushona. Nikatumwa kuwa mshenga.

Aliyemlea binti ni mjomba wake, mtu mpole wa sauti ya chini, na watu wa sauti ya chini ndio wagumu mnadani. Alitaka mahari mia tatu. Nikampa sababu zangu zote, akazisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Mshenga, nina jambo. Dada mkubwa wa huyu binti aliolewa huko huko kwenu. Siku ya kuchukuliwa alipandishwa lori la sokoni, akakalishwa juu ya magunia ya papa mkavu, na buibui lake jipya. Mwaka haukuisha, akarudi. Mimi husema alianza kurudi siku ile ile."

Nikamwambia kwamba rafiki yangu ana gari lake mwenyewe, lina viti vya usumba.

"La kwake?"

"La kwake. Kalitengeneza kwa mkono wake."

"Basi mahari iwe mia mbili. Lakini huyu atoke hapa kwangu ndani ya gari hilo. Lisipomchukua hilo, hatoki. Sitampandisha lori tena."

Nilirudi nimepunguza mia nzima, nikijiona bingwa. Rafiki yangu alipolisikia sharti alikwenda moja kwa moja kuliangalia gari. Wakati huo lilikuwa halijapata kuwaka.

Liliwaka wiki tatu baadaye. Likabaki jambo la oili. Iliyokuwamo ilikuwa tope, na mpya ilikuwa bei ya kukatisha tamaa. Hapo ndipo jirani yetu mwenye kinu cha kukamulia nazi alipotuletea zawadi ya harusi: debe zima la mafuta ya nazi, meupe, yananukia. Nusu yalijazwa kwenye chupa na kutiwa katika sanduku la bibi harusi, awe na mafuta ya nywele. Nusu iliyobaki rafiki yangu aliitazama sana.

"Kazi ya oili ni nini?" akaniuliza.

"Wewe ndiye fundi."

"Kulainisha. Na haya yanafanya nini?"

Nikauliza yatatugharimu kiasi gani. Akasema bure. Kwa bei hiyo sikuwa na la kupinga. Akayamimina kwenye injini, tukalizungusha mjini saa za joto, likaenda kama limepakwa asali. Mtaa mzima ulinuka vitumbua.

Tuliondoka Alhamisi baada ya adhuhuri, kipupwe kimeshika. Njia ya vumbi ilitutikisa, lakini gari halikugoma mahali popote, na Lugoba watu walitoka kulitazama. Mjomba alilizunguka, akabonyeza kiti. "Usumba kweli," akasema. Usiku ukafungwa ndoa, tukala, tukalala.

Asubuhi kulikuwa na baridi ya kule bara, ukungu umelala juu ya mihogo. Bibi harusi alikuwa tayari ndani ya nyumba, kafunikwa, kungwi wake yuko naye. Rafiki yangu akashika hendeli ya kuzungushia injini, akasema bismillahi, akazungusha. Hendeli haikwenda. Akaikalia kwa uzito wake wote. Ikasogea kidogo, nzito kama kisu katika boga bichi, ikasimama. Nikajaribu mimi. Wakajaribu vijana watatu wa pale, na kila mmoja alirudi nyuma akipuliza viganja.

"Limekufa?" akauliza mjomba.

"Halijafa, mjomba. Limelala," nikasema.

"Jana liliamka kwa mara moja."

Rafiki yangu alifungua plagi, akazifuta, akazirudisha. Akalala chini, akatoka na vumbi kwenye kanzu yake ya harusi. Alipochomoa kijiti cha kupimia oili kilitoka na kitu cheupe. Akakitazama. Uso wake usiojua kuficha haja, sasa ulikuwa umeshindwa kuficha hofu.

Lori la sokoni likapita barabarani likipiga honi. Dereva akapaza sauti: "Nafasi ipo! Leteni mzigo!"

"Hapana mzigo hapa," akasema mjomba, kwa sauti ile ile ya chini. Kisha akanigeukia. "Mshenga, sikukuficha. Nilikwambia."

"Ulisema, mjomba."

"Basi kawaambieni wanawake wamvue buibui, apumzike."

Hapo mlango wa nyumba ukafunguliwa, akatoka kungwi, mama mnene mwenye haraka zake, ameshika chupa kichwa chini, anaitikisa.

"Nyie watu wa pwani! Mafuta yenu gani haya? Toka alfajiri nimemfunika mwenzenu na nywele kavu, hayataki kutoka chupani. Nipisheni niyaweke jikoni yayeyuke."

Mafuta yalikuwa meupe, magumu, hayatikisiki. Rafiki yangu akaitazama chupa. Akakitazama kijiti. Tukatazamana. Kila mwaka kipupwe kikiingia, mama zetu huanika chupa za mafuta ya nazi juani, tangu tukiwa watoto twaona. Hakuna mtu wa Bagamoyo asiyejua kwamba yanaganda. Na hakuna kati yetu aliyekumbuka.

"Mama," rafiki yangu akamwambia kungwi, "huko jikoni yapo makaa?"

"Ya kutosha ng'ombe. Kwani?"

"Gari nililitia mafuta hayo hayo."

Kungwi alicheka mpaka akakaa chini. Bibi harusi naye alisikika akicheka ndani, wakati ambapo ada inamtaka alie.

Wanawake walileta makaa kwenye karai, wameyafunika majivu. Rafiki yangu akayasukuma chini ya injini, na mjomba mwenyewe akasimama na ndoo ya mchanga, mkwe wake asije akaungua. Tukangoja. Harufu ya vitumbua ikaanza kupanda. Hendeli ikaenda robo, ikaenda nusu, na gari likawaka kwa kishindo kilichowatawanya kuku.

Bibi harusi akatolewa kwa vigelegele. Mguu mmoja ulipokuwa ndani ya gari, mjomba akaweka mkono mlangoni.

"Kumkalisha binti yangu na buibui mpaka jua kupanda, faini. Ishirini."

"Mjomba, hata mafuta yamelainika."

"Ishirini."

Nikaishusha hadi kumi, nikatoa mfukoni mwangu, kwa sababu kanzu ya bwana harusi haina mfuko. Mjomba akapokea, akaondoa mkono, kisha akainama dirishani akamwambia binti: "Kiti ni kizuri. Nenda ukae." Akageuka haraka kwenda kulitazama karai.

Alikaa. Ana wajukuu sasa, na hajarudi Lugoba ila kwa matembezi. Mumewe kila nikimkumbusha ananiambia faini ni gharama ya mshenga. Nami namuuliza, na ninawauliza nyinyi: mshenga ndiye aliyetia mafuta ya vitumbua kwenye injini? Ndugu yangu, niletee shilingi kumi zangu. Ukija na mkeo, nitapokea nane.