Bembea ya Mama Katika Nyumba ya Mfano

Watu wa mjini wanasema mdogo wangu Addy Canché amevamia nyumba isiyo yake. Mmoja ameniambia hivyo usoni, sokoni, nikiwa nachagua nyanya. Nyanya niliziacha palepale. Basi nasema mimi, Socorro, dada yake niliyembeba mgongoni, na asiyetaka kusoma asisome.

Addy anasuka bembea za kulalia, kama mama yetu, kama mimi kabla macho hayajaingia ukungu. Huku kwetu Yucatán watu hulala kwenye bembea, hunyonyesha humo, huugulia humo. Kitanda tunacho, tunawekea nguo. Tangu mdogo Addy si mtu wa maneno mengi. Ukimpunja sukari dukani anachukua hivyohivyo anaondoka. Lakini uzi mmoja ukipita vibaya katikati ya bembea, mahali ambapo mnunuzi hataona hata akivaa miwani mbili, ataifumua yote mpaka afike pale. Siku moja nilimgombeza.

"Mwanamke wewe, nani atauona huo uzi?"

"Nimeshauona mimi, dada."

Akaendelea kufumua. Ndivyo alivyo.

Tufani ilipoangusha nyumba ya makuti ya mama kijijini, mama alikuja kukaa kwangu. Mama yetu Fidencia ni mzee kiasi kwamba wenzake wote wameshazikwa, na bado anataka kuamuru jikoni. Jikoni kwangu naamuru mimi. Tukawa tunanuniana kutwa. Addy wakati huo alikuwa mpangaji wa chumba kimoja, amelundika nyuzi hadi darini. Akasema atanunua nyumba katika ule mtaa mpya nje ya Mérida, mama apate chumba chake. Mwanawe Wilberth, anayefanya kazi hotelini Cancún, angesaidia.

Mama alikubali kwa sharti moja. "Sitalala kitandani kama samaki juu ya meza. Mtanifungia bembea yangu kwenye ukuta wa kweli."

Tukaenda kuangalia nyumba ya mfano, Addy na mimi. Muuzaji wa kampuni inayojenga, Heberto, alikuwa amejimwagia manukato hadi nikapiga chafya. Mlango wa mwerezi, sakafu ya marumaru, kuta za tofali za saruji, kulabu za chuma za bembea zimezikwa ukutani tangu kujengwa. Addy aliupiga ukuta ngumi, akaumia vidole, akatabasamu. Nilikuwa sijamwona akitabasamu hivyo tangu Wilberth azaliwe.

"Jaribu bembea, mama, usiogope," Heberto akasema. "Zote tunazojenga ni hivi hivi."

Addy akajilaza. Hamtaamini, alisinzia pale pale, mbele ya wateja wengine. Ndivyo alivyonunua.

Nyumba yao ilipokwisha kujengwa, tuliwahamishia siku ya Jumatatu. Kwa nje ilikuwa ileile, rangi ileile ya manjano. Wilberth alisukuma mlango kwa bega, ukalia kama boksi la viatu. Mwerezi gani unalia hivyo? Ndani, pembeni mwa sakafu, gundi ilikuwa imeachia. Addy akainama, akavuta, na marumaru ikainuka nzima kama utando wa maziwa. Ilikuwa plastiki iliyochorwa marumaru.

"Si neno, mama," Wilberth akamwambia Addy. "Sakafu tutabadilisha. Ukuta upo."

Mama alikuwa bado kwenye gari, anauliza kila saa kama tumeshamfungia bembea yake. Tukaifunga. Mama asingelala kabla mimi mkubwa sijaijaribu. Hilo halina mjadala. Nikavua viatu, nikajitupa, Wilberth akanisukuma kidogo.

Nilisikia sauti kama ya mtu anachana katoni. Halafu nikawa chini, kisogo kimegonga ile plastiki, miguu juu, na kulabu imelala tumboni kwangu. Imeng'oka na bonge jeupe. Lile povu gumu wanalofungia televisheni. Juu yake walikuwa wamepaka plasta nyembamba kama ganda la yai, basi.

Niliinua macho. Ukutani palikuwa na tundu la ukubwa wa sufuria, na ndani ya tundu palikuwa na uso. Jirani, Gaspar Ek, ambaye hatukuwa tunamjua, amekaa mezani kwake na kijiko cha maharage na nyama ya nguruwe hewani. Alinitazama. Nilimtazama.

"Karibu chakula," akasema. Masikini, angesema nini?

Hakuna aliyecheka. Addy alikwenda kwenye tundu, akaingiza mkono mpaka kiwiko, akatoa kiganja kimejaa punje nyeupe. Feni ikazipeperusha chumba kizima, zikatuganda kwenye nywele na jasho.

"Mama angelala hapa," akasema. Akarudia. "Dada, mama angelala hapa."

Heberto aliitwa, akaja na manukato yake. Alitazama tundu, akanitazama mimi, kuanzia juu mpaka chini.

"Tatizo ni uzito," akasema. "Huu ni ukuta wa kisasa. Haukutengenezwa kwa mtu wa, wa kiasi hiki."

"Kiasi gani? Sema!" Nilikuwa nimeshashika kiatu.

"Mama, taratibu. Mkataba unasema vifaa vilivyotajwa au vinavyofanana navyo."

"Na hivi vinafanana?" Addy akauliza, kwa upole kabisa.

"Kwa macho, ndiyo."

Addy aliifungua bembea upande uliobaki, akaikunja, akaiweka begani, akatoka. Nilidhani anakwenda kulia. Alivuka barabara, akaingia nyumba ya mfano, akavua bembea yao, akafunga yake. Halafu akatokea mlangoni.

"Wilberth! Mlete bibi yako."

Mama aliingia kwa fimbo. Hakuangalia jiko wala madirisha. Alishika kamba kwa mikono miwili, akaivuta kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, akasikiliza. Akajilaza.

"Huu ndio ukuta," akasema, akafumba macho.

Heberto alikuwa anapiga kelele mlangoni. "Bi Addy, hii haiuzwi! Hii ni ya kuonyesha!"

"Ndiyo uliyonionyesha. Ukasema zote ni hivi hivi. Nimechukua hii."

"Nitaita polisi!"

"Ita. Ila punguza sauti, mama amelala."

Polisi walikuja kweli, wawili. Mkubwa wao alichungulia, akamwona bibi kizee anakoroma ndani ya nyuzi za rangi ya waridi, akavua kofia. Alimwambia Heberto aende mahakamani, yeye hamwamshi bibi wa mtu. Gaspar akapitisha habari nyumba kwa nyumba, na jioni ile mtaa mzima ulikuwa unatoboa kuta zake kwa vidole. Mwanamke mmoja alitoboa kwa kijiko cha mtoto. Nilimwona amekaa kizingitini, ameshika kile kijiko.

Sasa kesi iko kwa hakimu na haijulikani itaangukia wapi. Wanaweza kutolewa, Addy anajua. Kampuni ilikata umeme, Gaspar akavusha waya kutoka kwake. Wateja wakija kutazama, Heberto huwapitisha kwa kunyata, naye mama hufumbua jicho moja: "Wanangu, msigonge hapa. Kagongeni ile mtakayopewa." Wengi hurudi kwenye magari yao.

Addy ameweka mtambo wake wa kusukia sebuleni, karibu na bango lenye picha ya familia inayocheka. Juzi nilimuuliza, mdogo wangu, na hakimu akisema mtoke?

"Nitamfungulia mama bembea, dada, na nitakwenda kuifunga ofisini kwao. Kule pia kuta ni za tofali. Nimeshazigonga."

Haya. Huyo ndiye mnayemwita mvamizi. Mimi tangu siku ile, hata nyumbani kwangu, ambako kila tofali aliliweka marehemu mume wangu, nikijilaza naishika kamba kwanza.