Waya Chini ya Sanduku la Bibi Harusi

Nakumbuka alasiri moja ya mwaka ule wa uhuru, tulipokuwa tukimpeleka dada yangu Mwamini kwa mumewe, kutoka hapa Rumonge hadi Nyanza-Lac. Kwetu, mwanangu, bibi harusi alipokelewa kwa muziki. Angeingia kimya, wakwe wangemsema mpaka azeeke. Basi binamu yangu Saidi, dereva wa kamioneti, gari dogo la mizigo la ami yetu Baba Mudogo, alileta kutoka Uvira kisanduku cha chuma kinachogeuza umeme wa betri ya gari uwe kama wa nyumbani, ili gramafoni ipigwe mlangoni kwa wakwe.

Kilinishangaza kisanduku kile. Kilivuma kama nyuki ndani ya mtungi, na nilipokigusa kilikuwa na joto la mkate. Nilijiuliza umeme unageuzwaje. Unaingia na sura moja, unatoka na nyingine?

Kigwena tulisimama kukijaribu. Santuri ikaimba maneno mawili, ikanyamaza. Fyuzi imekatika. Saidi akachomoa karatasi ya kung'aa kwenye pakiti ya sigara, akaanza kuizungushia fyuzi ili umeme upite tena.

"Iko kazi ya dakika moja. Bibi harusi, jiandae kucheza!"

"Harakisha basi," Mwamini akajibu kutoka nyuma, kati ya mapipa ya mawese. "Mama mukwe wangu iko na ulimi murefu kuliko hii barabara."

Baba Mudogo akamshika Saidi mkono. Hakuwa fundi, alikuwa mchuuzi wa mawese tu.

"Ngoja, mutoto wangu. Iko nini imeikata?"

"Iko ya zamani tu, Baba."

"Umeiuliza?"

Tukacheka. Yeye hakucheka. Akazima gari, akaufuata waya kwa macho kutoka kwenye betri mpaka nyuma, akafika kwenye sanduku la nguo la dada, akatuambia tuliinue. Chini yake waya ulikuwa umechubuka, shaba inagusa bati la gari, na kando yake kuna magunia yaliyolowa mawese. Pindo la nguo ya harusi lilikuwa shibiri moja tu kutoka hapo.

"Hiyo fyuzi imekufa ili dada yako asiungue," Baba Mudogo akasema. "Na wewe unataka kuifunga mudomo."

Saidi akaitupa ile karatasi.

Tuliingia Nyanza-Lac bila kupiga gramafoni, maana fyuzi nyingine hatukuwa nayo. Wanawake tuliimba wenyewe mpaka sauti zikakauka. Mama mkwe alimsema, tena alimsema miaka mingi. Na Mwamini alikuwa hai kumsikiliza.

Nimesikia nawe umefunga kisanduku kama kile katika gari lako, unachaji simu za wavuvi wa Minago. Vizuri, nami nitakuja kukitazama, maana hamu yangu ya kujua haijaisha. Lakini fyuzi ikikatika, usiweke nyingine kabla hujajua sababu, wala usiweke kubwa kuliko iliyoagizwa. Waya usipite chini ya mizigo. Kisanduku kipate hewa, kikae mbali na maji ya samaki na mafuta. Usikibebeshe vyombo kuliko uwezo wake, na usikiache kinywe betri huku injini imelala, usije ukakwama na mgonjwa garini.

Mola akupe macho ya kuuliza na mikono isiyo na pupa. Kila safari ikurudishe kwa wanaokungoja, ukiwa mzima wewe na uliowabeba.