Pori Tupu la Babu

Kazi ya kufundisha kompyuta niliipata kwa sifa yangu moja kubwa: huwa sitoki nyumbani. Mradi fulani ulitaka mashine ijifunze kusoma sura ya ardhi ya Kibaha na Kisarawe kwenye picha zilizopigwa kutoka angani, ili vijiji vipangiwe pa kulima, pa kujenga na pa kuchungia. Alitakiwa mwenyeji aliyemaliza kidato cha nne, anayeweza kukaa kwenye kiti siku nzima. Kwenye kukaa, mimi nina shahada.

Naletewa picha, naandika: shamba, makazi, msitu, pori tupu. Kompyuta inakariri nilichoandika, halafu picha nyingine inazisoma yenyewe. Ilikuwa mwanafunzi mzuri. Haikuuliza swali, na mwalimu wake asingelijibu. Kila kichaka kidogo katikati ya mihogo niliandika pori tupu. Sikuona mtu humo.

Ramani ikapelekwa Masaki ya Kisarawe, kijijini kwa mama yangu, ijadiliwe kabla ya kupitishwa. Nami nikaitwa. Mtaalamu wa mradi akaibandika ukutani kwenye ofisi ya kijiji, akaeleza kwamba rangi ya njano ni pori tupu, na njano yote itakuwa malisho ya ng'ombe.

Mama mkubwa akasogea. Akafuata njia kwa kidole kutoka msikitini, akapita mikorosho, akasimama kwenye doa la njano.

"Hapa yupo baba yangu."

"Anaishi porini?" mtaalamu akauliza.

"Amezikwa."

Ndipo nikakumbuka. Kwetu mti wa makaburini haukatwi, hata kuni haziokotwi. Watu wanalima pande zote, kichaka kinabaki. Kila Shaabani, kabla ya mfungo, ukoo mzima huingia humo kufyeka majani ya makaburini na kusoma dua. Kila Shaabani mimi huumwa kiuno.

"Nani kaiambia hiyo mashine kwamba baba yangu ni malisho?"

"Imefundishwa na mwenyeji, mama."

"Mwenyeji wa wapi?"

Nikaanza kuisoma ramani kwa karibu sana.

"Mwanangu," Mama mkubwa akasema bila kugeuka, "kiuno kinaendeleaje?"

Kikao kikaahirishwa wiki mbili. Siku nne tulizunguka, yeye mbele na panga, mimi nyuma na simu, kila kichaka cha makaburi nikikiwekea alama. Nikisema tupumzike kidogo, ananionyesha kaburi. "Wa kupumzika ni hawa."

Nikarudi Kibaha, nikasahihisha picha moja moja. Kompyuta ikasoma upya, haina kinyongo. Ramani ya pili ilitoka na vichaka vyetu vyote vimepakwa zambarau, rangi ya makaburi, na kikao kikapitisha kwamba ng'ombe wasiingie humo. Babu akabaki kwake.

Ila mashine ilikuwa imeelewa kupita kiasi: kichaka chochote kisichofyekwa kati ya mashamba ya watu, yenyewe inasema makaburi. Huku Kibaha, nyuma ya nyumba yangu, ikapaka zambarau.

Nikampigia Mama mkubwa kumwonyesha kwamba hata mashine inakosea yenyewe. Akataka nimweleze palivyo. Nikamweleza, majani na yote.

"Haijakosea," akasema. "Si ndiko anakokaa mtu asiyetoka?"

Shaabani iliyofuata hakuuliza habari za kiuno. Aliuliza nataka fyekeo la mpini wa urefu gani.

Nikasema mrefu, nisiiname sana.