Kijani Juu ya Paa la Mama

Aliyepaka rangi ya msitu juu ya boma la mama yangu hajawahi kufika kwetu Londiani. Ni mchoraji wa kujitolea kama mimi, mahali fulani mbali, kwenye ile ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuichora. Alitazama picha ya setilaiti, akaona miti imesongamana, akaizungushia mstari na kuandika: msitu. Ndani ya mstari huo mlikuwa na nyumba ya mama, zizi na choo.

Nilifuta. Akarudisha. Nikafuta tena, nikamwandikia kwa hasira kwamba nimelelewa ndani ya huo msitu wake. Akajibu kwa adabu iliyoniudhi zaidi kwamba yeye haoni paa.

Kweli, halikuonekana. Baba alipanda miti ya misaipresi kuzunguka nyumba ili ikinge upepo, ikakua mpaka matawi yakakutana juu ya mabati. Na Jumatatu maafisa wa mipaka ya msitu wa serikali wangepita kijijini, simu zao zikiwa na ramani hiyo hiyo. Majirani ng'ambo ya mto walishaambiwa wahame. Niliogopa, nikampigia mama nikamweleza yote.

Jumamosi nilienda nyumbani kupiga picha za mlango na zizi ziwe ushahidi. Kabla sijafika langoni nikasikia msumeno wa mashine. Nikakimbia. Mti mkubwa kuliko yote ulikuwa umelala uani, na mama alikuwa akimwonyesha fundi wa msumeno mti unaofuata.

"Mama, simamisha huyo mtu!"

"Si ulisema kwa simu hawaoni nyumba? Wacha waone."

"Hiyo picha si ya leo, mama. Ilipigwa kitambo. Hata ukikata yote, haitabadilika."

Fundi akazima mashine. Mama akatazama kisiki, kisha akatazama simu yangu, niliyokuwa nimemfungulia ramani.

"Kitambo gani?"

"Baba akiwa bado hai."

Akainamia kioo, akakisukuma kile kijani kwa kidole huku na huku, kama anayetafuta mawe kwenye maharagwe.

"Basi alikuwa hapo chini," akasema. "Andikia huyo mtu. Mwambie mzee alikuwa hapo chini, na mimi nilikuwa nampikia."

Nikaandika hivyo hivyo, nikaambatisha picha ya mama akiwa mlangoni. Fundi akauliza kama aendelee. Mama akamwambia huo mmoja unatosha.